Mzee wa Birika na Samaki wa Hoteli

Mtu huyu alikuwa hakai kitako. Ukimpa kiti atakishika mgongoni, atakitikisa, atakuuliza fundi wake nani, kisha huyo, amekwenda zake. Kahawa aliinywa wima. Hata msikitini, kwa walivyohadithia wanaume, alikuwa wa mwisho kuketi na wa kwanza kuinuka, na ndoo ikigonga saruji huko nje, shingo humgeuka khutba ikiendelea. Likoni nzima tulimwita Mzee wa Birika, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kulitunza birika la msikiti wetu, lile tangi la saruji ambalo watu hulitumia kutawadha. Jina alilopewa na wazazi wake nalijua. Silitaji. Si kwa heshima, ni kwa wajukuu zake, ambao hawakunikosea.

Wengine nitawataja. Bwana Haldeni, Mzungu aliyekuwa meneja wa hoteli ya ufuoni. Na Sefu, mkuu wa watumishi wake wa mezani, mtu wa hapa hapa kwetu, tuliyecheza naye utotoni. Hawa walisema mume wangu Saidi alikuwa mlevi, na kwamba ulevi wake ndio uliovunja kioo kilichomuua. Ni uongo. Mzee wa Birika alijua kuwa ni uongo kuliko mtu yeyote chini ya jua, naye akanyamaza. Kwa hiyo nikimweleza mzee huyu usinitarajie nimsifu, wala usinitarajie nimlaani moja kwa moja. Nimejaribu kumlaani. Katikati ya laana hunijia neno lake moja likanichekesha, laana ikaharibika.

Alikuwa mwembamba, kanzu yake fupi kwa kukunjwa, miguu mikavu ya mtu anayeshinda majini. Alitembea akitazama chini, akitafuta maji yanakwenda wapi. Mvua ikinyesha, watu wakikimbilia barazani, yeye hutoka, akasimama njiani na jembe akiyafungulia maji njia, akiwatukana majirani waliojenga bila kuuliza. "Umeweka mlango wako kwenye njia ya maji, halafu walia mafuriko! Maji yalikuwa hapa kabla ya babu yako!" Na kweli yaliingia, na kweli alikuwa kasema, na kwa sababu alikuwa kasema hakuna aliyempenda siku hiyo.

Majivuno alikuwa nayo hata akayamwaga. "Wallahi, tangu Mombasa iwe Mombasa hajazaliwa mtu anayeyajua maji kama mimi," alisema siku moja mbele ya watu.

Saidi wangu alikuwa pale. Akamwuliza, "Na mvua je, Mzee?"

"Mvua haijui kitu. Yaanguka tu."

Usemi wake mkubwa, ambao tuliusikia mpaka tukauchoka, ulikuwa huu: maji ni mgeni, mpe mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea; ukimnyima mmoja, atajitengenezea wake. Alikuwa akilisema hilo hata kwa mambo yasiyohusu maji. Bibi harusi akirudi kwao kwa ugomvi, Mzee wa Birika husema, "Hakupewa mlango wa kutokea." Hakuna aliyeelewa, lakini watu walitikisa kichwa.

Na huyo mjuzi wa maji aliogopa bahari. Ndiyo. Akivuka feri kwenda kisiwani, husimama katikati kabisa, ameushika mwimo wa chuma kwa mikono miwili, macho kayafumba, anasoma. Samaki wa bahari hakula. Alisema wana harufu ya mahali asipopajua. Lakini wale samaki wadogo wa birikani, waliotiwa ili wale viluwiluwi vya mbu, aliwajua mmoja mmoja, na akimwona mtu anatema mate karibu nao alikuwa tayari kupigana, na mvi zake zile.

Birika lake lilikuwa hivi. Maji yalivutwa kisimani kwa ndoo, yakamwagwa kwenye mfereji mdogo, yakaingia birikani kwa chini. Juu, shubiri moja chini ya ukingo, palikuwa na tundu la kufurikia, yakizidi yatokee hapo yaende migombani. Siku za kawaida tundu li wazi. Lakini Ijumaa watu ni wengi, wanatawadha kwa mkupuo, maji yanashuka haraka. Basi kila Ijumaa asubuhi Mzee wa Birika aliliziba tundu lile kwa makumbi ya nazi yaliyosokotwa, maji yakapanda mpaka ukingoni kabisa, yakawa ya kuchota kwa kiganja. Baada ya sala, hulizibua. Na muda wote limezibwa, hapo tu ndipo alipokuwa habanduki. Alizunguka birika lile kama kuku anayetaka kutaga, lakini habanduki. Ukuta wa birika la zamani hauaminiki, alisema.

Shika neno hilo la makumbi. Mimi limenishika miaka yote.

Sasa hoteli. Saidi alikuwa mtu wa injini pale; ndiye aliyeendesha pampu ya kupandisha maji ya kuogea wageni. Mimi nilifua mashuka na kupangusa vioo. Bwana Haldeni alikuwa ameona Ulaya tangi la kioo, ndani yake samaki wa bahari wazima wanaogelea, watu wamekaa wanakula wanawatazama. Naye akataka. Hakuna hoteli upande wetu iliyokuwa nalo. Akamwuliza Sefu: nani hapa ajua kujenga tangi lisilovuja? Sefu akamleta Mzee wa Birika.

Nakumbuka siku aliyokuja. Alifika na kanzu ya Idi, akapita mbele ya ukumbi, akagongagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akamwambia Sefu, "Mwambie bwana wako nitamjengea tangi. Lakini kwanza aniambie, samaki wake ni wa kula au wa kutazama?"

Sefu akatafsiri. Mzungu akacheka, akasema wa kutazama.

"Basi apate subira. Wa kutazama ni kazi zaidi."

Akajenga. Saruji pande tatu, mbele kioo kinene kilicholetwa na meli, ndani akapanga mawe ya matumbawe ili samaki wapate pa kujificha. Kazi nzuri, siwezi kumdhulumu. Lakini hapo ndipo alipofanya kosa lake la kwanza, na ni kosa ambalo mtu wa bandarini asingelifanya, wala Mzungu, wala mvuvi. Ni kosa la mtu wa birika.

Waliosoma chuo cha Kurani wanajua: yako maji machache, yakiguswa na uchafu kidogo yameharibika, na yako maji ya kulateni, yaani yaliyofikia kipimo cha wingi, hayo hayanajisiki ila yabadilike rangi, au ladha, au harufu. Mzee wa Birika alilipima tangi la hoteli likapita kulateni mara kadhaa. Akafurahi. Akamwambia Bwana Haldeni hakuna haja ya kuendesha injini kila siku, maji ni mengi, yatajiweka safi yenyewe. Siku yakibadilika ndipo yabadilishwe. Haldeni naye alikuwa mtu wa kubania mafuta ya injini. Akaona kapata fundi mwenye akili.

Wavuvi wakaleta samaki: vitatange wa rangi, tasi, pono wa kijani, na mkunga mmoja mwenye sura ya mdai. Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Wapishi waliacha vyungu wakaja kutazama. Baada ya hapo vitatange wakaanza kupanda juu kutwetea, midomo nje kama wanaotaka kusema. Kisha wakageuka matumbo. Kisha pono. Mkunga ndiye aliyekaa, kwa ubishi.

Mzee wa Birika akaitwa. Akakunja mkono wa kanzu, akachota maji kwa kiganja, akayatazama kwenye mwanga. "Rangi ile ile." Akayanusa. "Harufu ile ile, ya bahari." Akayaonja, akatema pembeni. "Ladha ile ile. Maji haya ni safi. Samaki wamekuja wagonjwa."

Tulikuwa tumesimama wengi pale, wapishi, wafuaji, Sefu na fulana yake nyeupe. Saidi akasema, polepole, kama anamwuliza swali, "Mzee, ni safi kwa kutawadhia. Lakini samaki hawaswali."

Kicheko kilichoanguliwa pale! Mpishi aliketi chini. Hata Sefu alicheka, na alikuwa mtu aliyecheka kwa ruhusa. Mzee wa Birika peke yake hakucheka. Akakunjua mkono wa kanzu, akakifunga kifungo chake, akaondoka. Alipita nyumbani kwetu siku kadhaa bila salamu. Nilimwambia Saidi akamtake radhi. Akasema, "Nimtake radhi kwa nini? Nimemwambia la kweli." Ndivyo alivyokuwa mume wangu, na wewe unayesoma ujue: mtu mwenye ulimi ule hana haja ya tembo.

Kisha asubuhi moja huyo, kaja mbio mpaka kwenye kamba zangu za nguo, bila hodi, anamwita Saidi. "Weye! Sikiza! Maji hayatoshi kuwa mengi. Maji yatembee! Samaki yuanya ndani, yuapumua ndani, hana pa kwenda. Basi maji ndiyo yaende badala yake!" Alisema kama aliyeteremshiwa. Saidi alinikonyeza tu. Toka hapo wakawa marafiki, na Mzee wa Birika akawaambia watu kuwa tangu mwanzo alijua.

Walichora mchangani kwa kijiti, wakafuta, wakachora tena, na mashuka yangu yakiwapiga kichwani. Mpango ulikuwa huu. Maji yakijaa baharini, Saidi awashe injini avute. Wakati wa kupwa asivute, maana bomba hunywa mchanga. Yapandishwe tangi la juu, darini, yatulie. Kutoka darini yashuke yenyewe mchana kutwa, polepole, yaingie kwenye tangi la samaki. Na yanayozidi yatoke kwa tundu la juu, yarudi baharini. Hakuna siku yatakayosimama.

Walipoyafungua mara ya kwanza, maji yaliingilia juu na kutokea juu, upande mmoja. Mzee wa Birika akatia gao la makapi ya mpunga, kiganja tele, akapiga magoti mbele ya kioo. Makapi yakapita juu juu yakatoka. Mengine yakazama, yakajikusanya kwenye pembe ya chini, yakakaa. "Tazama," akasema. "Hawa hapa hawajui kuwa kuna safari." Akavunja saruji yake mwenyewe, akahamisha bomba la kuingizia likawa chini, pembe hii, na tundu la kufurikia likabaki juu, pembe ile, ili maji yalazimike kulipita tangi lote kabla ya kupata njia. Akatia tena makapi. Yakazunguka mawe, yakapanda, yakatoka moja baada ya jingine. Alipiga kofi. Sikupata kumwona amefurahi vile, si kwa harusi, si kwa mtoto.

Na tundu lile la juu hakuliweka karibu na ukingo kama la birika, aliliweka shubiri mbili nzima chini yake, nyuma ya jiwe. Bwana Haldeni akalalamika kuwa juu pamebaki wazi, pabaya. Mzee wa Birika akamwambia, Sefu akitafsiri, na mimi nina masikio: "Kioo hiki chabeba maji haya. Zaidi ya haya hakibebi." Alijua. Naandika hili kwa makusudi. Alijua.

Samaki wakaishi. Wageni wakaja kutoka Nairobi kuwatazama. Mzee wa Birika akawa mtu wa kutajwa, "fundi wa hoteli," naye akaanza kuvaa kanzu ya Idi siku za kazi. Asubuhi yuko msikitini, adhuhuri yuko hotelini, jioni kwenye kisima cha mtu, kutwa mguu na njia. Mkewe alisema kuolewa na mtu yule ni kama kuolewa na feri: yuko upande huu, yuko upande ule, huwezi kumkuta.

Chumvi ndiyo iliyoleta balaa. Maji ya bahari yakikauka kwenye kioo huacha mstari mweupe, na mimi kwa siki na kitambaa sikuuweza. Mstari ule ulikuwa pale pale usawa wa maji, juu yake kioo kitupu. Basi Bwana Haldeni akaandaa karamu kubwa, wakubwa wa serikali wanakuja, naye hataki waone mstari. Akamwambia Sefu: mwambie fundi apandishe maji yaufunike.

Asubuhi ya karamu nilimwona Mzee wa Birika anaingia kwa mlango wa jikoni, makumbi yaliyosokotwa kwapani.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Makumbi ya nini? Kwani leo Ijumaa?"

"Kwa Wazungu leo ndiyo Ijumaa yao," akasema, akacheka, akapita.

Akaliziba tundu kama alivyoliziba la birika maisha yake yote. Mkono ulijua kazi, kichwa hakikuulizwa. Maji yakaanza kupanda. Akaanza kuzunguka mbele ya kioo, huku na huko, kama desturi. Na lau angeendelea kuzunguka vile, mimi nisingekuwa naandika. Lakini akaja mtu kutoka Mtongwe, kisima kimebomoka, watu hawana maji. Akaniambia, "Narudi sasa hivi." Kwenda kwake kulikuwa kukimbia. Hakumwambia Saidi kuwa tundu limezibwa. Hakuniambia mimi nimwambie. Nami niliyaona makumbi, lakini habari za shubiri na kioo nilidhani ni zake mwenyewe, anazijua.

Saidi alikuja kutoka kwenye injini akayaona maji yamefika ukingoni. Akashangaa. Akachukua ngazi, hakuiegemeza kwenye kioo, aliiegemeza ukutani, nilikuwa nimeishika mimi. Akatia mkono kutafuta tundu. "Mbona hayaendi?" akasema. Hilo ndilo neno lake la mwisho, na lilikuwa swali. Nikasikia mlio kama mbao inayopasuliwa. Kioo kiliondoka kizima, na maji nyuma yake.

Sitaeleza zaidi. Mimi nina kovu toka kiwikoni mpaka kiganjani na vidole viwili havikunjiki. Saidi hakufika hospitali.

Mzee wa Birika alirudi mbio, kanzu kaishika juu ya magoti, akapita katikati ya vioo na samaki wanaorukaruka sakafuni, na alilolifanya kwanza ni kutia mkono nyuma ya jiwe. Akayatoa makumbi. Akayakunjia kwenye kanzu. Kisha akainua macho, akaniona, nafungwa mkono na mpishi kwa kitambaa cha meza. Tukatazamana. Alijua kuwa nimeona.

Ofisa wa polisi alikuja. Bwana Haldeni akasema mtumishi amekigonga kioo kwa ngazi. Sefu akala yamini kuwa Saidi alikuwa ananuka tembo tangu asubuhi. Sefu! Mzee wa Birika akaulizwa. Akajibu, "Tangi nililijenga mimi. Kioo kilipovunjika sikuwapo." Kila neno la kweli, na yote pamoja ni uongo. Mimi nikasema nililoliona. Ofisa akamtazama Haldeni, Haldeni akasema mke hana budi kumtetea mumewe. Likaisha hapo.

Halikuisha Likoni. Mazishini walikuja wachache, wakatazama chini. Hakuna aliyemtaja Saidi akaongeza "Mungu amrehemu"; walitikisa kichwa tu. Binti yangu aliitwa mtoto wa mlevi kisimani, na waliomwita ni watu wazima.

Na sasa nieleze jambo ambalo sijui nilipeleke wapi. Kila alfajiri baada ya hayo nilikuta mtungi wangu wa maji, uliokuwa nje ya mlango, umejaa. Nikavizia. Alikuwa yeye. Hasalimu, hagongi, anajaza, anakwenda. Siku moja nilitoka nikaumwaga wote miguuni pake. Aliuchukua mtungi, akaenda kisimani, akaujaza tena. Nikaumwaga. Akaujaza. Mara ya tatu nilichoka mkono wangu mbovu, nikauacha. Nikamwambia, "Mzee, mimi sina kiu. Nataka neno moja tu, ulisemee msikitini." Akasema, "Yana mchanga kidogo leo, yaache yatulie." Akaondoka.

Nikahama. Kaka yangu alikuwa Mtopanga, Kisauni, nikakaa kwake nikikaanga mahamri. Miaka ikapita, watu wakawa na maneno mengine: Mwambao utakuwa wa nani, bendera itashuka lini. Bwana Haldeni akauza vitu vyake akaenda kwao kabla haijashuka, mzima, ngozi yake haina mkwaruzo. Mimi bendera ya uhuru ilipopandishwa nilisikia ngoma, nikaendelea kukanda unga. Kila mtu alisema sasa mambo yote yanaanza upya. Nikajiuliza: na langu je?

Muuza samaki mmoja akaniambia msikiti wa Likoni umetiwa mifereji ya bomba ya serikali, birika limefukiwa, na mzee wake kahamia Changamwe kwa mwanawe wa bandarini. Nikavaa buibui nikaenda.

Nilimkuta kwenye mfereji wa watu wote, kati ya nyumba za wafanyakazi, amesimama na fimbo anawapanga kinamama na madebe yao. Hakuna aliyempa kazi hiyo. "Wewe mwenye debe la bluu, nyuma! Funga bomba, maji yaenda bure!" Kazeeka, jicho moja lina ukungu. Akanijua kwa mkono wangu.

"Umekuja kunilaani?"

"Shikamoo kwanza, Mzee. Nimekuja kukuchukua."

Alinielewa mara moja. Na hapo hapo, bila kuombwa tena, akageuka kwa watu wa mfereji akapaza sauti: "Sikizeni nyote! Mume wa mwanamke huyu, Saidi, hakuwa mlevi! Walimsingizia! Mimi nashuhudia!"

Wale kinamama walitoka bara wengi wao, wengine Giriama. Wakatazamana. Mmoja akauliza, "Saidi gani?" Mwingine akasema, "Mzee ameanza leo," wakacheka, wakaendelea kuteka.

Yeye akanigeukia, kifua mbele. "Haya. Nimesema."

Nikamwambia, "Umewaambia wasiomjua! Hapa ni bure, Mzee, hapa hata mimi ningesema kuwa ni malaika! Walioambiwa uongo ni Likoni. Msikitini. Siku ya Ijumaa. Mbele ya Sefu."

"Miguu yangu..."

"Miguu iliyokupeleka Mtongwe."

Kidole chake kilikuwa kinachorachora hewani, mistari, kama ile ya mchangani. Akasema, "Mwanangu, mimi sikumwogopa Mzungu. Nataka ujue. Sikumwogopa polisi. Nilikuwa nimepata jina. Umri wote ule natunza maji ya watu kunawia miguu, ndiyo kwanza nimepata jina. Niliona nikisema, litakwenda."

"Ukachukua la Saidi ukalitoa badala yake."

"Ndiyo," akasema.

Ijumaa nikaja kumchukua. Kwenye feri alishika mwimo wake wa chuma, akafumba macho. Sikumshika. Likoni wachache walimjua, kwa kuwa alikuwa kimya.

Nilisimama nje, ubavuni mwa msikiti, chini ya dirisha, jua la mchana likiniwaka kichwani. Baada ya sala nikasikia anaomba ruhusa ya kusema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini nilisikia yote. Saidi hakuwa mlevi. Saidi hakugonga kioo. Njia ya maji ilizibwa, ikawa maji yamezidi nguvu za kioo. Amri ilitoka kwa Haldeni, na aliyeileta ni Sefu huyu hapa, na aliyesema tembo ni Sefu huyu hapa.

"Mimi nilitumwa!" Sefu akasema. "Nilitumwa tu, jamani!"

Mtu mmoja akauliza, "Na aliyeiziba njia ni nani?"

Nikangoja. Nikaona kabisa litapita hivi, kwamba njia ilizibwa, yenyewe, na hewa. Nikashika nondo za dirisha, nikasema kwa sauti yangu yote, mimi mwanamke, ndani ya msikiti, siku ya Ijumaa: "Jibu, Mzee!"

Vichwa vyote viligeuka dirishani. Ndipo akasema, "Mimi. Kwa makumbi. Kwa mkono huu. Kisha nikaondoka nikaenda zangu."

Wakatoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa lolote, hata kwa mawe. Walichofanya ni kumzunguka yeye. Mmoja kamshika mkono wa kulia, mwingine wa kushoto, wakampeleka kivulini. Sefu, Sefu mwenyewe, alikimbia dukani akaleta sharubati, akamnywesha, akampepea kwa kofia yake. "Si mchezo kusema vile," walisema. "Mzee ana imani." "Mzee amejitoa." Mwingine alikuwa analia. Mimi nimesimama juani na buibui langu.

Mtu mzima mmoja akanijia, kwa adabu. "Mama, mpe radhi mzee. Umemwona alivyojitoa."

"Na Saidi?"

"Saidi... Saidi Mungu amrehemu."

"Semeni kwa sauti," nikawaambia, wote, na Sefu na kofia yake. "Kama mlivyolisema lile jingine."

Wakatazamana. Kisha yule mtu mzima akalisema kwa nguvu, wengine wakamfuata, hata yeye Mzee, na sharubati mkononi. Nikalisikiliza mpaka likaisha. Nikajifunga buibui langu nikashuka njia ya feri.

Nyuma yangu akaita, "Mwanangu! Na mimi nani atanirudisha?"

Sikugeuka. Alikuwa na watu tele pale.